Mahindi Yaliyoganda Ukutani

Shambani kote walimwita Pua, naye aliitika bila kinyongo, maana jina hilo alilipata kwa kazi. Gunia likifunguliwa, yeye huinamisha uso mdomoni mwa gunia na kutoa hukumu: haya makavu, haya yametoa jasho, haya yameingiliwa na fukusi. Kipima unyevu kilikuwepo, kimetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa ofisi, na alikitumia kama wenzake. Ila alikuwa akisema kile kifaa kinajua habari za konzi moja tu uliyokitilia, na ghala si konzi moja.

Lilikuwa shamba kubwa, mahindi upande huu wa barabara, ng'ombe wa maziwa upande wa pili. Nafaka iliuzwa. Mabua na majani yalikatwakatwa na mashine, yakashindiliwa kwenye shimo refu na kufunikwa nailoni yavundike, yawe chakula cha ng'ombe kiangazi. Pua alisimamia yote mawili. Kilichomo shambani kilikuwa cha watu wengine. Kikishavunwa tu, kinakuwa chake.

Mumewe alikuwa fundi wa mitambo hapo hapo. Mtu mrefu, mwenye mikono isiyotakata hata kwa sabuni ya kufulia, na mdomo usiojua kupumzika. "Wenzangu wameoa wake," alikuwa akiwaambia wakati wa chai, "mimi nimeoa pua. Siwezi kupita hata nje ya kilabu. Nikifika nyumbani naambiwa na aliyekaa upande wangu wa kushoto alikunywa nini." Pua alikuwa ameshausikia utani huo mara nyingi mno, na bado ulimchekesha. Walikuwa na binti mmoja aliyekwisha kwenda mjini kujitafutia maisha katika duka la vitambaa. Nyumba yao ya vyumba viwili ilikuwa nyuma ya ghala. Ukifungua dirisha la jikoni, unatazamana na kihenge.

Kihenge chenyewe kilikuwa cha bati nene, cha mviringo, kirefu kuliko jengo lolote pale, chenye ngazi ya chuma ubavuni, kidirisha cha kuingilia juu kwenye paa, na mdomo chini ambako mashine iliyavuta mahindi na kuyatoa. Fundi alikuwa na mazoea ya kulipiga lile bati kwa spana kila alipopita, ti-ti, taa, ili mkewe aliyeko ndani ya ghala ajue amepita. Hapakuwa na maana nyingine zaidi ya hiyo.

Mwaka ule mvua ilikosa adabu. Ilikuja wakati wa kuvuna, ikakaa. Mahindi yalikuwa yamekomaa, yameinamisha vichwa, na yalilowa hivyo hivyo. Pua alichukua chupa kavu, akatia mahindi na chumvi kavu, akatikisa. Mahindi yakiwa makavu, chumvi hushuka chini. Ile chumvi ilinata kwenye kioo kama ukungu wa asubuhi. Akaipeleka ile chupa barazani kwa meneja, na Fundi akaja akijifuta mikono.

"Tukiyaacha yataotea kwenye mabua," meneja alisema.

"Tukiyaingiza yatachemka," akasema Pua.

"Basi tuyaingize, halafu tuwe tunayatoa na kuyarudisha, yapate hewa," akasema Fundi. "Mashine niachieni mimi."

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Walitazamana wote watatu, wakakubaliana. Hakuna aliyemlazimisha mwenzake, na baadaye hakuna aliyepata wa kumlaumu. Labda ingekuwa nafuu kama wa kulaumiwa angekuwepo.

Kwa muda mambo yalikwenda. Kisha siku moja Pua alipanda ngazi, akafungua kidirisha cha juu, na joto likampiga usoni kama pumzi ya mtu. Mahindi yalikuwa yakinukia pombe. Akashuka akasema yatolewe yote, leo hii, yakaanikwe kwenye maturubai maana jua lilikuwa limechomoza.

Mashine ikawashwa. Mahindi yakatoka kwa kasi, yakapungua, yakawa mchirizi, yakakoma. Kumbe juu yalikuwa yameshikana kwa unyevu na kuvu, yamefanya ukoko kama ule unaobaki kwenye chungu, na chini ya ukoko palikuwa pametoka mahindi na kubaki pango. Anayetazama kutoka kidirishani huona sakafu ya mahindi, tena iliyotulia. Fundi alichukua mti mrefu wa kuvunjia, akapanda. Mashine hakuizima. Ile mashine ikishazimwa, kuiwasha tena ilikuwa kesi nyingine.

Pua alikuwa chini, ameshika gunia mdomoni pa kihenge, akisubiri. Alisikia mti ukigonga juu. Kisha mahindi yakaporomoka kwa ghafla, mengi, yenye nguvu, yakajaza gunia na kummwagikia miguuni. Pua akafurahi. Akapiga kigelegele kirefu hadi wakamaji ng'ambo ya barabara wakageuka. "Fundi!" akaita. "Yametoka! Yametoka, ushuke!"

Akajaza gunia, akajaza jingine. Ndipo akainua macho kwenye ngazi kumwona mumewe akishuka, na ngazi ilikuwa tupu.

Walilikata bati kwa moto wa gesi, chini ubavuni, ili mahindi yamwagike uani na waweze kumfikia. Walipomtoa, wanaume walimzunguka na turubai, Pua akazuiwa. Mdogo wake Fundi, dereva wa trekta katika shamba la jirani, alikuja mbio akiwa bado na funguo za trekta mkononi. Yeye na wazee wawili ndio waliomwosha ndugu yao. Walipotoka chumbani hawakusema neno, na watu walidhani ni majonzi tu.

Yale mahindi yalibaki uani kama kilima. Mtu mmoja alipendekeza wapewe ng'ombe, kwa vile ng'ombe hajui habari. Pua, akiwa bado na nguo za msiba, alitoka nje, akayanusa, akasema hapana: yana kuvu, na sumu ya kuvu hupita kwenye ng'ombe ikatokea kwenye maziwa, na maziwa yananywewa na watoto. Yachomwe. Wakayachoma. Moto ulikaa siku kadhaa, na kuvu au si kuvu, mahindi yakiungua hunukia mahindi ya kuchoma. Harufu ilienea kwenye nyumba za wafanyakazi. Watoto walitoka nje mate yakiwatoka, wakiuliza ni nani anayechoma mahindi, na mama zao wakawavuta ndani kwa mikono. Pua alikaa kwenye kizingiti cha jikoni, na mimi ninayesimulia aliniambia mwenyewe baadaye kwamba kilichomuumiza kuliko vyote siku hiyo ni kuwa tumbo lake lilinguruma.

Meneja alimwambia akipenda ahamie mjini kwa binti yake, nafasi yake itasubiri. Hakuhama. Shemeji yake, yule dereva wa trekta, akaletwa kushika kazi ya mitambo, akapewa chumba upande wa pili wa ghala. Kihenge kilizibwa pale kilipokatwa kwa bati jipya lililong'aa kama kidonda kilichopona vibaya, kikaachwa kitupu. Mavuno yaliyofuata yaliwekwa kwenye magunia, na fukusi wakala walichoweza.

Hapo ndipo kihenge kilipoanza kugonga.

Ilikuwa jua likianza kupungua makali, ile saa ambayo kivuli cha ghala hufika kwenye ngazi. Bati lililia mara mbili kwa haraka, likapumzika, likalia mara moja kwa uzito. Ti-ti, taa. Wakamaji walisikia. Mpishi wa wafanyakazi alisikia, akahamisha jiko lake. "Fundi yuko kazini," walinong'onezana, na wapo waliokubali kuzunguka hadi kwenye shimo la malisho wasipite hapo.

Pua alikuwa na jibu. "Bati likipata jua hutanuka, likipoa hujikunyata, likijikunyata hulia. Mbona paa la zahanati hulia na hamsemi kuna mgonjwa juu yake?"

Walicheka, lakini hawakupita. Naye, kila lilipolia, mkono wake ulisimama popote ulipokuwa: kwenye uzi wa kushonea gunia, kwenye kijiko, kwenye kitasa cha mlango. Alisikiliza mpaka liishe. Akimaliza, aliendelea na kazi kama mtu aliyesalimiwa na kuitikia.

Binti yake alipokuja likizo aliliona hilo. "Mama, twende mjini. Baba hayumo mle."

"Nani kasema yumo?"

"Wewe. Bati likilia unashusha kijiko."

"Nashusha kijiko kwa sababu mkono umechoka," Pua akajibu, na mazungumzo yakafia hapo.

Kisha ukaja msimu ambao mahindi yalistawi kupita kiasi, na magunia yasingetosha hata yangepangwa hadi darini. Meneja alikuja jikoni kwa Pua mchana, akakaa kwenye kigoda, akakataa chai, akaikubali. "Dada yangu," alisema, "kile kihenge ama tukitumie, ama nimwite mtu wa vyuma chakavu akibebe. Sitaki kukuamulia."

Pua alitazama dirishani. "Kitumike. Ila kwanza nikikague mimi. Ndani. Asitangulie mtu."

Asubuhi iliyofuata, jua likiwa juu, alifungwa kamba kiunoni. Swichi ya mashine ilizimwa na ufunguo wake akautia mfukoni mwake mwenyewe. Shemeji yake alikaa kidirishani juu, kamba ameizungusha mkononi, na Pua akashuka kwa ngazi ya ndani akiwa na tochi na kitambaa puani.

Ndani palikuwa pakavu, pa joto, na sauti yake ya kukohoa ilizunguka ikamrudia. Ukoko wa zamani ulikuwa bado umeganda ukutani, mkanda mpana wa mahindi yaliyoshikana, meusi na ya kijani, magumu kama udongo wa nyumba. Alimulika akiufuata taratibu, akihesabu kichwani ni mpapuro gani, chuma cha kukwangulia, utafaa. Upande wa mashariki, juu kidogo ya kichwa chake, tochi ikasimama.

Palikuwa na mikwaruzo. Mifereji minne ikishuka pamoja, halafu minne mingine pembeni yake, halafu mingine mingi juu ya ile, imeparurana, mpaka mahali pengine ukoko ulikuwa umechimbwa hadi kwenye bati. Na pale palipochimbwa hadi kwenye bati, bati lilikuwa na vibonyeo vidogo vidogo, kama vinavyoachwa na ngumi au na kisigino cha spana.

Siku zote aliambiwa kwamba ilikuwa mara moja. Kwamba ukoko ulipovunjika, alizama, basi, kama mtu anayelala. Sasa aliona kwamba kuna kitambo mumewe alikuwa ameshikilia ukuta. Kuna kitambo alikuwa akigonga. Na chini yake mashine ilikuwa inanguruma, na mkewe alikuwa akipiga kigelegele.

Kamba ilitikiswa. "Shemeji? Kuna nini?"

"Kuvu," akajibu Pua. Hakusema uongo.

Kazi ya kupapura ilianza siku ile ile. Pua alikataa msaidizi. Ukoko usingeweza kuachwa, hata kipande: kuvu ya zamani ikigusana na mahindi mapya, kihenge chote kimekwisha. Hakuna aliyejua hilo kuliko yeye. Akaanzia upande wa magharibi. Akapapura, akafagia, akapandisha ndoo kwa kamba, na kila jioni akatoka mweupe kwa vumbi, macho mekundu. Upande wa magharibi ulimalizika. Wa kusini ukamalizika. Wa kaskazini aliupapura mara mbili, akaupiga brashi, akaupangusa kwa kitambaa. Wavunaji walikuwa wameshaingia shamba la chini. Meneja alipita akauliza, "Bado?" na sauti ndani ya bati ikajibu, "Bado." Kesho yake akauliza tena, akajibiwa vile vile.

Shemeji yake ndiye aliyeona kwamba ndoo zimeacha kupanda. Siku hiyo alifunga kamba kwenye nguzo, akamwita mtu mwingine akae kidirishani, akashuka mwenyewe.

Alimkuta Pua amekaa sakafuni, mpapuro mapajani, uso umeelekea mashariki. Tochi ilikuwa imewekwa chini ikimulika juu. Shemeji alitazama alikokuwa akitazama. Hakushtuka. Pua aliligundua hilo kabla ya kitu kingine.

"Ulikuwa unajua," alisema.

Shemeji alijikalisha kando yake, magoti yakilia.

"Mimi ndiye niliyemwosha, shemeji. Mikono yake niliiosha mimi." Akaitazama mikono yake mwenyewe. "Kucha hazikuwepo."

Juu, yule mtu wa kidirishani alikuwa akijiimbia kwa sauti ya chini, hana habari.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia uifanyie nini? Ulikuwa unalala vibaya tayari. Wazee walisema tulifunike, tukalifunika. Na wewe ulipoingia humu ile mara ya kwanza nikakuuliza kuna nini, ukanijibu kuvu. Nikajua umeona. Nikasema moyoni, haya, na yeye ameamua kunificha mimi."

Pua alicheka, kicheko kikavu kilichomtoka bila ruhusa. "Tumefichana kitu kimoja."

"Tumefichana."

"Alikaa muda gani?"

"Sijui. Muda mfupi."

"Unanidanganya, shemeji."

"Nakudanganya," akasema, na hapo sauti yake ikavunjika, akalia kama wanavyolia watoto, bila kujifunika uso. Pua hakulia. Alimshika bega, akasubiri amalize. Kisha akamwambia kitu ambacho hakuwahi kumwambia mtu: kwamba mahindi yaliporomoka, yeye alishangilia. Kwamba huenda hiyo ndiyo sauti ya mwisho mumewe kuisikia.

Shemeji alijifuta pua kwa mkono. "Kama aliisikia," alisema pole pole, "alijua uko pale chini."

Hakuwa mtu wa maneno, na sidhani kwamba alilipanga. Miaka ilipopita Pua alisema bado hajui kama neno lile lilimtuliza au lilimwongezea. Siku nyingine ni hivi, siku nyingine ni vile.

Shemeji akaushika mpapuro. "Nipe nimalize mimi."

"Hii ni yangu," akasema Pua, akanyanyuka.

Alianzia juu, pale mkono ulipofika juu zaidi, akashuka nao. Hakufanya haraka wala hakuchelewesha. Mahindi yaliyoshikana yalidondoka vipande vipande miguuni pake. Vile vibonyeo vya bati havipapuriki, vilibaki. Uchafu wote aliutia kwenye magunia pamoja na ule wa pande nyingine, wakaufukia kwenye shimo la zamani la malisho lililobomoka, wakatia chokaa juu.

Mahindi mapya yaliingia yakiwa makavu, yanalia kama changarawe. Kihenge kilichojaa hakilii. Bati limekumbatiwa na nafaka, halina nafasi ya kujikunyata kwa sauti. Wafanyakazi walifurahi, wakasema Fundi sasa amepumzika. Mpishi alirudisha jiko lake. Pua peke yake ndiye aliyepata shida na ukimya ule. Ikifika ile saa, mkono wake ulisimama vile vile, ukasubiri, na kitu hakikuja.

Tangu hapo alikuwa mkali hadi watu wakamwogopa. Ufunguo wa mashine aliuvaa shingoni. Mtu akionekana tu ameweka mguu kwenye ngazi bila kumwambia, alimshusha kwa matusi ambayo hakuna aliyedhani anayajua. Kibarua mmoja mgeni alipoingiza kichwa kidirishani kwa udadisi, alimzaba kofi mbele ya wenzake, kisha akapanda mwenyewe kukifunga kidirisha. Yule kibarua alikwenda kumshtaki kwa meneja. Meneja alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Rudi kamshukuru."

Binti alikuja tena wakati wa kukata majani ya kuvundika. Pua alikuwa ameamua. Alimweleza jikoni, mchana kweupe, sufuria likichemka, akimwambia yote: mikono, ukuta, kigelegele. Binti alisikiliza akiwa amesimama. Alipomaliza kusikia, alisema neno moja tu, "Mlinificha," akatoka nje. Kutwa hakuonekana. Mzee mmoja wa jirani alimwona kwenye njia ya mtoni. Baba yake mdogo alimfuata, wakarudi pamoja wamechoka, na usiku ule alilala kitanda cha mama yake, kama alivyofanya alipokuwa na homa utotoni.

Asubuhi alisema duka la vitambaa halitakufa asipokuwepo, atakaa mpaka malisho yafunikwe. Akavaa buti za baba yake, akaweka matambara mbele zisimpwaye.

Majani yaliyokatwakatwa yalikuwa yanamwagwa shimoni kwa tela, mabichi, matamu kunusa, yanavuta nyuki. Trekta la shemeji lilipita juu yake mbele na nyuma kuyashindilia, lakini pembeni karibu na kuta trekta halifiki, na huko lazima watu wakanyage kwa miguu hadi hewa iishe. Hewa ikibaki, yanaoza badala ya kuvundika. Binti akaruka ndani. Majani yakambonyea mpaka magotini, akacheka kwa mshangao, akanyoosha mikono kutafuta pa kujishikiza.

Pua alikuwa ameshafika. Hakuna aliyemwona akiruka. Alimshika binti yake kifundo cha mkono, kwa nguvu, vidole vikazama kwenye ngozi.

"Mama, ni majani tu. Unaniumiza."

"Kanyaga," akasema Pua.

Wakakanyaga, bega kwa bega, kifundo bado kimeshikwa, wakizunguka ukuta wa shimo taratibu. Shemeji alisimamisha trekta akawatazama kidogo, akaliwasha tena. Majani yalishuka, yakawa magumu chini ya miguu kama sakafu. Walifunika nailoni, wakapanga matairi ya zamani juu yake, na kazi zote mbili Pua alizifanya kwa mkono mmoja.